Jiwe Mbele ya Chemchemi

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi nyumbani hatujambo, ila mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la ufagio.

Mwezi wa sita darasa letu linakuja huko mji mkuu kutembea. Mwalimu wa jiografia amenipa mimi, ambaye hata kuitika "nipo" naona aibu, kazi ya kuwaeleza wenzangu habari za bustani kuu na mnara. Nimesoma kitabu cha maktaba mpaka kurasa zimelegea: miti kila barabara, bunge lenye paa la kioo, chemchemi inayorusha maji juu kuliko nyumba. Lakini wewe unawapiga picha watalii hapo hapo bustanini. Niambie ambayo kitabu hakisemi.

Na utume picha yako. Unatuletea sura za watu tusiowajua, wanacheka mbele ya mnara. Mama anauliza, "Huyu mwanangu bado ana uso?"

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa jino moja. Mama asijue.

Kitabu hakisemi kwamba mbele ya chemchemi kuna jiwe jeupe. Ukisimama juu yake, mnara, maji na miti vinaingia vyote kwenye picha moja. Kila mpiga picha hapa ana mahali pake, na sheria ni moja: ukiondoa miguu, umepoteza. Jiwe hilo nililipata kwa ngumi. Aliyekuwa nalo, tunamwita Kamba, aliondoka amevunjika mkono. Akaniambia, "Kaa, bwana mdogo. Utachoka kusimama." Sasa anakaa kwenye benchi, mkono shingoni, ananitazama. Juzi kule kwenye daraja la ziwa wawili walikabana kwa mikanda ya kamera mpaka mmoja akazimia. Watalii walikuwa wakisifia maua.

Basi picha yangu ni ngumu. Nikiwa ndani ya picha, juu ya jiwe atakuwa nani?

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na pole ya jino. Umenitisha. Mnavunjana mikono kwa ajili ya jiwe, katikati ya maua yote hayo?

Lakini nimefikiri. Mpe mtalii kamera, asimame yeye juu ya jiwe. Miguu ya mtu wako ni miguu yako. Ni kufumba na kufumbua tu. Mama ameshapigilia msumari wa kuitundika, na kila akipita unamchana bega. Anautukana msumari, lakini haung'oi. Tafadhali, kaka.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Picha hii hapa. Nimefumba mdomo kwa sababu ya lile jino.

Nilifanya ulivyosema. Mgeni mmoja, mzee wa watu mwenye kofia, alisimama juu ya jiwe akabonyeza. Kisha akarudi nyuma hatua moja ili mnara uingie vizuri. Wageni wote hufanya hivyo. Nawaona kila siku, na siku hiyo nikasahau.

Kamba alikuwa ameshafika, mkono umeshapona. "Ahsante kwa kunitunzia," akasema, akanipiga usoni kwa miguu ya chuma ya kamera. Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa ndani ya chemchemi. Nikiinuka kuvuta pumzi, ananirudisha. Watu walikuwa wanapiga picha. Nimeshonwa juu ya jicho.

Uvimbe ukipungua narudi. Nimepata bomba la chuma. Mkija, utanikuta juu ya jiwe langu.

Kaka yako

9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Usirudi huko. Wazo lilikuwa langu, na jiwe hilo simtakii mtu.

Mama anaitazama picha, anasema umenenepa. Nyuma ya bega lako, kwenye benchi, kuna mtu ananyanyuka. Mama hajamwona. Mimi namwona kila nikipita sebuleni.

Tupa hilo bomba. Nijibu upesi.

Mdogo wako

19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hukunijibu.

Tulikuja. Bunge linang'aa kama kitabu kilivyosema. Kwenye chemchemi nilisimama juu ya jiwe nikaeleza kila kitu kwa sauti, hata mwalimu akashangaa. Nilipaza sauti ili unisikie kama uko karibu. Hapakuwa na mpiga picha hata mmoja.

Nikamuuliza mlinzi.

"Walipigana wawili hapo, dada, kwa bomba. Mmoja alifia hapo uliposimama. Mwingine yuko gerezani."

"Aliyekufa ni yupi?"

"Mimi nimeletwa baadaye. Niliambiwa nisugue jiwe tu."

Mwalimu akaita, "Msomi, basi linaondoka!"

Mama ameuliza kama nilikukuta. Nimemwambia ulikuwa na kazi nyingi. Jana alifuta kioo cha picha.

Barua hii naituma gerezani, kwa jina lako kamili. Ukinijibu nitajua umeua mtu. Usiponijibu nitajua pia.

Nijibu, kaka. Mungu anisamehe, naomba uwe umeua.

Mdogo wako