Flashi ya Dada

Jumatatu, 3 Machi
Dada kanipigia simu kabla sijanawa uso. Njiwa wa majoho ya kwaya katokea bawa moja! Sababu ileile — anachomoa flashi kwenye kompyuta ya duka kabla haijamaliza kuandika mchoro, mbio hadi kwenye cherehani ya kutarizi. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akasema baraka nilete mimi, niliyemwekea hiyo Linux, mfumo wa kompyuta hii mpya. Atamchora upya. Mchoro ukiharibika tena, anarudisha kompyuta yake ya zamani.
Thubutu! Linux yangu haiondoki hapa.

Jumatano, 5 Machi
Tayari! Nimeipanga kompyuta ya dada: ukichomeka flashi, inajifungua yenyewe. Ikikaa kidogo bila kutumika, inajifunga yenyewe na kwenye skrini inatokea alama ya kijani: chomoa. Nyekundu — mikono mbali. Hakuna cha kubonyeza. Mama Vifungo, mshonaji wa dada tangu duka lifunguliwe, kajaribu, kacheka. Eti flashi ina adabu kuliko wajukuu zake.
Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Ijumaa, 7 Machi
Majoho yanachukuliwa kesho. Dada kamaliza njiwa mpya, yumo kwenye flashi tu. Tukasubiri kijani. Nyekundu. Tukasubiri. Nyekundu! Kompyuta inasema flashi bado inatumika. Nikatangaza, duka zima lisikie: Mama Vifungo kaacha mchoro wazi. Akaapa hajagusa kitu. Nikamjibu mashine haisemi uongo. Akavua tepu ya kupimia shingoni, akaiweka mezani, akatoka. Mwanamke aliyenifundisha kushona kifungo!
Ndipo nikaiuliza kompyuta ni nani hasa anayeitumia. Dirisha jeusi la amri. Langu! Asubuhi niliingia nalo kwenye flashi kutazama kazi yangu inavyopendeza, nikalisahau humo.
Nimelifunga. Kijani papo hapo. Njiwa mzima, mabawa yote mawili. Kazi yangu haina kasoro hata chembe — kasoro ni mimi.
Dada anaimba huku cherehani inanguruma. Anasema alijua tu mdogo wake ni fundi. Ila anauliza, huyu mama bado kanuna nini, na njiwa kishapona?
Naandika hapa kaunta, tepu iko mbele yangu. Mlangoni namwona Mama Vifungo kwenye benchi, kanipa mgongo. Aibu inanichoma masikio.
Dada anasema nikamwite. Haya, naenda. Nitaanza na shikamoo, halafu —