Skrubu Isiyocheza

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Fremu ya mashine yangu ya kuchonga iko tayari. Mota tatu ziko tayari. Zimebaki skrubu za gololi za kusukuma meza, na hapo nimekwama wiki mbili! Za kuagiza China ni mpya, lakini nati hucheza kidogo. Kidogo kwa nani? Ukichonga alumini, unene wa unywele ni kasoro. Halafu hatua: kila mzunguko meza isonge milimita tano au kumi? Kumi inakimbia. Tano inatii. Nimeandika tano. Nimefuta. Nimeandika tena.

Mumbua ameuliza, sasa Baba Ndinda, hii mashine ni ya kuchonga nini? Nikasema vipuri. Ameguna. Mke wangu hapendi jibu la neno moja.

Jumatano, 13 Agosti
Mtito Andei, kwa Farouk wa vyuma kuukuu. Amebomoa mashine ya kiwanda fulani — ana skrubu mbili zilizosuguliwa laini, hatua ya milimita tano, urefu ule ule ninaoutafuta! Nikasukuma nati huku na huku. Sikusikia ikicheza. Lakini siku hizi naamini vidole vyangu? Miaka thelathini ya workshop Athi River nilikuwa nasikia kasoro kabla geji haijaiona.

Farouk akasema, mzee Ndolo, beba moja ukaipime nyumbani, lakini Ijumaa baada ya swala kuna mtu wa Nairobi anazitaka zote mbili. Akiongea alikuwa anaangalia mkono wangu wa kulia. Nikautia mfukoni.

Alhamisi, 14 Agosti, asubuhi
Nimefunga skrubu ya Farouk mezani, na geji ya mshale kando yake. Nikashika nati, mshale ukakataa kutulia. Nikasema skrubu imechakaa, basi. Nikaondoa mkono. Mshale — tuli.

Si skrubu.

Ni tangu Aprili. Mara ya kwanza chai ilimwagika, nikasingizia baridi. Baba alianza hivi hivi, na kidole gumba. Alimaliza akilishwa uji na mama. Sijaambia mtu. Niandike hapa tu: naitaka mashine ikate pale mimi siwezi tena kukata.

Alhamisi, jioni
Nimeharibu! Nilitaka kuizungusha nati polepole, nipime tena. Mkono ukaruka, nati ikapita mwisho wa skrubu ikachomoka. Gololi zake za ndani, ndogo kama mtama, sakafu yote! Mumbua akaacha cherehani. "Aiya! Ni nini imemwagika?" Kabla nijibu alikuwa amepiga magoti, anaziokota chini ya kochi. Tumezijaza kwenye sahani. Zimetimia? Sijui. Na skrubu si yangu, ni ya Farouk.

Ijumaa, 15 Agosti
Toka asubuhi narudisha gololi ndani ya nati. Unapaka grisi, unaweka moja, unaisukuma, unaweka nyingine. Nikifika ya tano, yaanguka. Naanza upya. Mara ngapi, sitaki kusema.

Mumbua alikuwa amesimama mlangoni. Sijui kwa muda gani. Akavuta kiti, akavaa miwani yake ya kushona.

"Lete hapa. Nilikuwa natunga shanga kabla nikujue."

Na anaweza! Moja, nyingine, nyingine. Hakosi. Nikafurahi kama mtoto, nikasahau kujificha. Akasema, shika nati isisogee. Nikaishika. Gololi aliyoiweka ikaruka nje. Akaiokota, akaiweka tena. Ikaruka.

Hakuiokota tena. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu, akaukandamiza mezani. Ukaendelea kutetemeka chini ya wake.

"Baba Ndinda. Hii ni tangu lini?"

Nikasema naenda kuchukua kitambaa. Niko chumbani. Farouk amepiga simu mara mbili, sijashika. Swala imeisha, huyo mtu wa Nairobi amefika, lazima.

Mlango uko wazi kidogo. Namwona Mumbua kwa meza. Gololi kama kumi zimebaki kwenye sahani. Hazigusi. Amevua miwani na anaangalia huku.