Uzi wa Mama Rula

Nyumbani,
Ijumaa jioni.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko ninavyojua kuziandika. Hujambo? Shemeji hajambo? Na yule mdogo wenu, jino limeshatoka au bado anang'ata vidole vya watu? Sisi huku wazima. Mama kifua kimemwachia, siku hizi anakohoa asubuhi tu. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Naandika kwa sababu kwenye simu mama anakaa pembeni anasikiliza, na unajua mdomo wangu ulivyo mzito. Mwandiko uuvumilie.

Kile kivuko nilichokwambia tunakitengeneza, kimekwisha. Ni kidogo, cha kuvusha watu wa kazini asubuhi na jioni, chote alumini. Chini kina matumbo mawili yameachana, juu sakafu moja yenye viti, yaani kama meza iliyosimama majini kwa miguu miwili. Mtaani wamekibatiza Sufuria. Jirani yetu fundi viatu kila nikipita ananiita, "Wee bwana mdogo, mfuniko mmeshapata?" Nacheka. Lakini dada, mimi nimeishika ile alumini. Nyembamba. Ukiigonga kwa kidole inaitika.

Aliyekichora ni mama mmoja tunamwita Mama Rula, maana hata chai anakorogea rula. Hana makuu. Yeye anasema kivuko kama hiki adui yake siyo mawimbi, ni haraka za watu. Wakiliona gati tu, wote wanasimama, wote upande wa mlango. Basi kabla hakijabeba abiria lazima kijaribiwe hivyo hivyo.

Leo asubuhi tukapanda sisi mafundi. Kimefungwa kamba gatini, kila mtu kavaa jaketi la kuelea. Katikati Mama Rula kaning'iniza timazi, ule uzi mrefu wenye chuma chini, na nyuma yake ubao wenye alama. Kivuko kikiinama, uzi unaonyesha kimeinama kiasi gani. Akapuliza filimbi, maana yake wote kulia, mlangoni. Tukakimbia. Dada, sakafu ikanikimbia miguuni! Maji yakapanda yakawa yananitazama, na mtu mzima nyuma yangu akamwita mama yake. Halafu kikatulia. Kikabaki pale kimeinama, hakiendi mbele hakirudi. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Taratibu, akapiga makofi. "Mnaona? Mikono yenu hiyo!"

Mimi lakini nilikuwa naangalia miguu. Unanijua. Hakuna hata mmoja aliyefika ukingoni. Wanaume wazima, wenye midomo mipana kuliko gati, wote wamegota njiani. Mmoja kakumbatia nguzo kama mchumba wake. Mwingine eti anafunga kamba ya kiatu, na amevaa ndala. Na mimi mguu mmoja niliuacha nyuma. Tumekichomelea wenyewe, tunajua unene wake, basi kila mtu kauibia uzi uzito wake kidogo.

Saa ya kutoka nikamfuata Mama Rula, nikamwambia hilo huku naangalia viatu vyake. Nilidhani atashtuka. Akasema, "Nimeliona, mwanangu. Uzi haumwogopi mtu. Umesogea kidogo kuliko hesabu yangu. Nyinyi mnakijua mno, nataka watu wasiokijua." Akatugeukia wote, akasema kesho kila mtu aje na watu wa nyumbani kwake. Yeye mwenyewe anakuja na mama yake mzazi. Hapo ndipo mimi nilipomfikiria mama yetu.

Nilirudi nimekusudia kunyamaza. Wapi! Taratibu alishanitangulia kumwambia, nikamkuta mama anapiga pasi gauni la bluu. Nikamwambia mama, usiende, kifua chako. Akasema, "Kifua changu kinapanda kile kivuko kibovu kila siku, watu mpaka kwenye ngazi, mbona hujakionea huruma?" Nikamwambia ukweli sasa, kwamba kitainama. "Kikiinama nitainama nacho. Kwani nauli ni ya kukaa wima?" Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Alipopumua akasema, "Nikikiogopa cha mwanangu, nitapanda cha nani?"

Ameshachagua na pa kukaa. Kulia, karibu na mlango, asichelewe kushuka. Ndiyo mazoea yake ya siku zote.

Sasa sikia kinachonitetemesha. Kesho filimbi ikilia, mimi natakiwa nikimbilie upande ule ule wa mama, niulalie kwa uzito wangu wote. Mimi, nisiyejua hata kuogelea kwenye beseni. Na nikiuacha mguu nyuma kama leo, uzi utadanganyika, kivuko kitasifiwa, na wiki ijayo mama atakipanda kwenda kazini na umati usiojua kuogopa, wala kamba ya kukishika haitakuwepo.

Nilianza barua hii nikitaka nikuombe umpigie simu umkataze, wewe anakusikia. Nimeliandika hilo nikalikata, nikaliandika tena nikalikata, ndiyo huo uchafu unaouona hapo juu. Usimkataze, dada. Mimi ndiye wa kuombewa. Niombee miguu, ifike mpaka ukingoni.

Nisalimie shemeji, nisalimie shangazi ukimwona, mwambie lile koti bado nalivaa. Watoto uwabusu, huyo mng'ataji umbusu kwa mbali.

Mama kauliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia, salamu. Kasema nikuongezee za kwake, na kwamba kesho atapunga mkono upande wenu japo hamtamwona.

Mungu akulinde huko uliko, na sisi asitusahau kesho gatini.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda ingawa kusema siwezi,

Kimya wa mama.