Buibui Kwenye Gauni Lisilo na Mikono

Baba Shamimu,

Eda yangu inakaribia kuisha. Leo nimekaa kwenye kiti chako, hapa chumba cha mbele kando ya cherehani, kwa sababu ule ubishi wetu wa buibui umepata jibu na sina mwingine wa kumpelekea habari.

Unamkumbuka yule wako wa dirishani, dume la milia? Mweusi tii, mstari mpana mweupe umempita katikati tangu kichwani mpaka nyuma, na mwingine kila ubavu, na vidoa viwili vyeupe huku nyuma. Macho manane, mawili ya mbele makubwa, yanang'aa kama vifungo vya koti jipya. Ukimsogezea kidole hakimbii, anageuka mwili mzima akutazame. Akiona nzi ananyata, anatulia, kisha huyo, karuka. Hukukubali nimfagie. "Acha huyu," ulisema, "ndiye mutu pekee hapa Rwezamenyo anavaa suti kila siku."

Na yule mwingine, mnene kidogo, wa kahawia? "Yewe, angalia muzuri, ile iko bibi yake." Mimi nikasema haiwezekani, bwana apendeze vile halafu mke awe na rangi ya vumbi la stendi ya Nyabugogo. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na sikuinuka kwenda kuangalia.

Sasa muda ninao. Mwanamke wa eda hapaki wanja, hajitii manukato, anakaa ndani na kutazama ukuta. Basi nimemtazama yule wa kahawia. Kumbe naye ana mstari katikati, rangi ya chai ya maziwa. Miguu mifupi yenye manyoya, macho yaleyale. Na huku nyuma ana vidoa viwili vyeupe, kimoja kila upande, mahali palepale alipokuwa navyo yule wa milia. Mkato mmoja, kitambaa tofauti. Uliona sawa, Baba Shamimu. Inaniuma kukubali wakati haupo wa kunicheka.

Yule wa milia simwoni tena tangu mvua zianze. Mke yupo. Amefuma kifuko cheupe cha utando ndani ya pindo la gauni langu, lile la kitenge ulilonikatia kwa ajili ya Idi, ukaugua kabla hujalitia mikono. Bado linaning'inia kwenye msumari. Humo kuna mayai, naye kayakalia, haendi popote.

Juzi dada yako alikuja tukusanye nguo zako za kutoa sadaka. Tulikunja mashati, tukakunja kanzu, na sikulia. Akafika kwenye gauni. "Na hii iko ya kazi gani? Haiko na mikono." Alipotaka kulitungua nilimshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Nikamwambia hilo haliendi, na hapo ndipo nililia, nililia sana. Wifi aliketi nami mpaka adhana ya magharibi, akaenda na zile nguo nyingine.

Watoto wa buibui wakishatoka, na mimi nikishatoka, nitalitia mikono mwenyewe. Mshono utapinda, na wewe ungeutazama ukanicheka kama kawaida yako. Nitalivaa hivyohivyo, nifungue mlango, niwapokee wateja wako.

Lala kwa amani, mume wangu. Dirisha hili nitaendelea kulifagia, na bibi yake yule wa suti nitampitia pembeni.

Mama Shamimu