Kikapu Chini ya Kitenge

Bibi,

Sijamwambia mtu yeyote: yale maneno ya kubariki mbegu sikuyajua. Nilichezesha midomo tu.

Uliahidi kunifundisha nikimaliza kidato cha nne. Nikamaliza, nikashuka Kidahwe na sanduku langu, nikakuta umeshazikwa. Nyumbani walinificha msiba, eti nisije nikafeli mtihani. Hilo bado linaniuma.

Baba mdogo alikuja kutoka Kigoma mjini, akaitia kufuli nyumba kubwa. "Umwami, huo uchifu wa baba, ulifutwa hata mimi sijazaliwa," alisema. "Kila mtu apande mbegu zake." Nikarudi zangu jikoni. Unanijua.

Lakini asubuhi baada ya mvua ya kwanza, watu walikuja uani kama kila mwaka, kila mmoja na bakuli lake la maharage limefunikwa. Walisimama tu, wakiitazama ile kufuli. Mimi nilikuwa jikoni, na kikapu chako cha mbegu kilikuwa jikoni. Mzee Bukuru, mtani wako, ndiye aliyeniona. "Mjukuu wa mwami anajificha kama kuku mgeni! Toka, mama, mgongo unaniuma."

Wakacheka. Kisha wakanipigia makofi ya salamu kama walivyokupigia wewe, Bibi. Wazee wale, mimi! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikakaa kwenye kigoda chako, nikapakata kikapu, nikakifunika kwa kile kitenge chako cha bluu. Mmoja mmoja aliingiza bakuli chini ya kitenge, akamimina, nami nikachezesha midomo. Akafika yule mama wa karibu na daraja, ambaye shamba lake lilisombwa na maji. Bakuli likaingia, likatoka. Sikusikia hata punje moja ikianguka. Alitazama chini.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulikuwa ukikohoa kila mwaka. Miaka yote hiyo nilidhani ni moshi.

Nikakohoa. Nikakohoa kwa nguvu, mpaka machozi yakanitoka, na hayo machozi hayakuwa ya kikohozi.

"Huyu karithi hata kifua cha bibi yake!" akasema Mzee Bukuru. Nikachanganya, nikamgawia kila mtu sawasawa, na yule mama akaondoka bakuli limejaa kama la wengine.

Baba mdogo alisikia, akapiga simu, akafoka. Nilimjibu, sauti yangu ndogo kama kawaida, kwamba kufuli abaki nayo, kikapu nitabaki nacho mimi. Akakata simu. Hajapiga tena.

Maharage yameota, Bibi. Hata kule darajani yameota.

Pumzika sasa. Kila mvua ya kwanza itanikuta pale kwenye kigoda, hata nikiolewa mbali, nitakuja. Ila hilo la maneno, Bibi, Babu asilijue huko, wala mtu mwingine. Umewafunikia wengi mabakuli yao matupu. Nifunikie na mimi.

Mjukuu wako