Karibu Niliyoisema Ufukweni

Ayalandi, Jumapili, Mei 1956

Miguu inaniuma na nina njaa, na kosa ni langu mwenyewe.

Leo hakuna masomo, nikatembea ufukweni tangu asubuhi bila shughuli. Upepo wa huku hauna adabu, unaingia mpaka kwenye mifupa. Adhuhuri nikajibanza nyuma ya mwamba, nikafungua chakula changu cha siku nzima: mkate na mayai mawili.

Akapita mzee mmoja na mbwa wake. Neno likanitoka lenyewe, kwa Kiingereza lakini kama nimekaa barazani kwetu Kigombe: "Karibu tule." Kwetu mpita njia hujibu "starehe" akaenda zake, hata kama tumbo linamlia. Huyu akasema, "Ahsante sana," akaketi.

Alikula yai, akala na nusu ya mkate. Kipande cha mwisho akampa mbwa, mbele ya macho yangu. Nilikasirika, lakini mgeni umemkaribisha mwenyewe, utamfukuzaje?

Alipomaliza akaniuliza, "Siku zote unakula peke yako?"

Nilitaka kusema hapana. Nikakumbuka chumba changu cha kupanga, meza yenye kiti kimoja. Nikaokota maganda ya mayai.

"Jumapili ijayo nitaleta samaki," akasema, akainuka na mbwa wake.

Tangu nifike nchi hii, leo ndiyo mara ya kwanza kula na mtu. Nimechoka, lakini usingizi hauji. Najiuliza kama atakuja kweli, au na yeye alikuwa anasema tu, kama mimi.