Kimya cha Mukami

Kanja, Embu
14 Juni 2025

Mpendwa dada Kanini,

Habari za huko Kanada? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi ni wazima, mvua imetutosha, na mume wangu Kaburu bado anakoroma kama kinu cha posho.

Nimeupata ushauri wako kuhusu Mukami, yule msichana wa Kiambere ninayemfundisha utunzi. Nimeusoma mara mbili na nimeukataa mara mbili.

Hebu nikueleze vizuri. Utunzi wake ni wa fidla mbili na sello, na ameutoa kwa nyanyake, anayemwita cucu, aliyekuwa akifukuza ndege kwenye mtama. Mama mmoja anaita kutoka shambani kwake, kisha ananyamaza mpaka jirani wa ng'ambo ya bonde aitike. Mukami ameuandika hata huo ukimya. Sekunde arobaini wachezaji wanashika pinde tu, hakuna anayegusa uzi.

Waandaaji wa tamasha la Nairobi walitaka hapo pazibwe kwa ngoma, eti wasikilizaji wasikie Afrika. Bila ngoma, anatoka kwenye programu. Ngoma ya nini? Yule nyanya alikuwa na kombeo na koo lake, basi!

Unasema akubali kwanza, jina likishakua atafanya anavyotaka. Kanini, mimi nilikubali. Unaukumbuka ule wimbo wangu wa kwaya uliotia fora Nairobi? Ngoma zile hazikuwa zangu. Niliwekewa, nikatabasamu, nikapigiwa makofi, na tangu siku hiyo sijatunga kitu. Ulidhani ni watoto walionichosha. Ni miaka ishirini na sita sasa, na bado inaniuma.

Jana Mukami aliniuliza afanye nini. Nilimpa simu ampigie mkubwa wa waandaaji. Alimwambia: "Mimi siwezi weka ngoma hapo. Hapo ndio cucu alikuwa anangoja ajibiwe."

Walimtoa papo hapo. Alilia, nami nikalia, lakini hakuna aliyewapigia tena.

Tutaupiga wenyewe Jumamosi ijayo, kanisani Kiambere, na kimya chote ndani. Wa kukohoa akohoe.

Wasalimie sana shemeji Mutegi na Joyline. Mungu akukinge na mabaya huko. Ushauri mwingine kaa nao, nitumie nyuzi za sello.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyeanza kutunga tena leo asubuhi,

Nelius